Ruhusa ya Banda la Njiwa la Bi Riziki

Kazi yangu ilikuwa kuchungulia. Msicheke. Mjukuu wangu mmoja aliniuliza majuzi nilikuwa nikifanya kazi gani zamani za Mwingereza, nikamjibu hivyo hivyo, akacheka mpaka akapaliwa na chai. Lakini ndiyo kazi yenyewe. Nilichungulia mapipa ya maji ya mvua kutafuta viluwiluwi vya mbu. Nilichungulia vyoo, majiko, mazizi ya mbuzi na mabanda ya njiwa. Ofisi ya mji iliniita msaidizi wa bwana afya. Watu waliniita Bwana Viluwiluwi, na watoto wakinifuata nyuma wakiliimba jina hilo, mimi nimevaa kaptula ya kaki iliyotiwa wanga ikasimama yenyewe. Heshima gani hiyo?

Nawaandikia nyinyi mnaoanza kazi za namna hii, za kupita nyumba za watu na karatasi mkononi. Mmesoma kuliko mimi, sibishi. Ila kitabu hakikufundishi kuingia uani kwa mtu, na ukikosea hapo hata vyeti vijae ukuta mzima havitakuokoa. Mji wenyewe siutaji. Ni hapa hapa Pemba, upande wa Wete, na ukitoka Gando kwa miguu asubuhi unafika jua halijawa kali. Wajukuu wa wale watu wangalipo, na mimi bado nataka kuitikiwa salamu zangu.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Faki, mtu mfupi, mkavu, mwenye kikohozi cha tumbaku. Hakuwahi kunisifu hata kwa bahati mbaya. Siku ya kwanza alinipa kamba ya usumba yenye mafundo ya kupimia, akaniambia, "Makame, kamba hii ni rongo. Ijue rongo yake kabla hujamhukumu mtu." Rongo kwetu ni uongo, ila uongo wa kamba sikuuelewa mpaka masika ilipoingia. Kamba ikinywa mvua hufupika, basi ukipima kutoka kisimani mpaka chooni unahesabu mafundo mengi kuliko ya kiangazi, na choo kilichokuwa karibu kinakuwa mbali bila kusogea. Wajanja walilijua hilo zamani. Ukiona mtu anakuja ofisini kuomba ruhusa ya choo siku ya mvua kubwa, amejifunika kipande cha gunia, ujue ameshapima mwenyewe. Baadaye tukaletewa futi ya chuma, na Mzee Faki akaichukia mpaka anakufa. Alisema imewanyima watu huruma ya mvua.

Mabanda ya njiwa nayo yalikuwa na elimu yake. Wazee wa zamani walifunga mitungi iliyovunjika shingo ukutani, kila mtungi jozi moja, basi. Kisha wakaja mafundi wa kugonga makasha ya mafuta ya taa, wakayapanga juu ya nguzo za mikoko. Kila nguzo huzungushiwa bati katikati, lielekee chini, panya na nyoka wasipite. Bati lisipokuwepo ofisi haitoi ruhusa. Banda lisiwe juu ya pipa la maji ya kunywa, lake au la jirani. Lisiwe chini mno, maana ngawa wa hapa Pemba hana adabu, akiingia bandani hachukui mmoja, anaua wote kisha anaondoka na mmoja. Na njiwa aliyehamishwa usimfungue mpaka atage na kuangua, la sivyo ukimwachia asubuhi, adhuhuri yuko alikotoka. Watu walisema pia njiwa hakai nyumba ya ugomvi. Hilo mimi sikuliamini, na mtaona kwa nini.

Lakini sharti gumu kuliko yote halikuwa bati wala pipa. Lilikuwa majirani. Banda likipita kimo cha ukuta, majirani wa pande zote watie kidole kwenye karatasi kwamba wameridhika. Bwana mkubwa wa ofisi alidhani ni kwa ajili ya harufu. Sisi tulijua ni kwa ajili ya macho.

Kwetu ua ni wa wanawake. Humo ndimo wanamosuka nywele, wanamoogesha watoto, wanamopepeta mchele kichwa wazi. Kwa hiyo mtu yeyote anayepanda juu, awe mkwezi wa nazi, awe fundi wa makuti, awe mwenye njiwa zake, lazima apige hodi kabla mguu haujaacha ardhi: "Hodi wenyewe, napanda!" Kisha anasubiri. Wanawake wanaingia ndani au wanavuta kanga kichwani. Ndipo anapanda. Asiyepiga hodi hawezi kujitetea kwamba alisahau. Mwizi anaweza kusamehewa akirudisha alichoiba, lakini macho yatarudisha nini?

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa tabu. Tulikwenda Gando kupima banda, mimi kijana, kifua mbele, futi mpya mkononi. Nikaparamia ngazi kama mwenye nyumba. Kichwa kilipopita ukuta tu nikasikia "Mtume!" na kabla sijajua aliyesema ni nani, nikamwagiwa maji yaliyooshewa dagaa, kuanzia kofia mpaka kaptula. Nikashuka natiririka. Mzee Faki alikuwa amekaa chini kivulini anavuta tumbaku yake. Nikamwambia, "Mzee, umeona walichonifanyia?" Akasema, "Nimeona walichokupa. Ni haki yako, hujadhulumiwa." Tukarudi kwa miguu, na paka wa kila kijiji walitufuata.

Nimewachekesha vya kutosha. Sasa nawaambia habari ya Bi Riziki, na hii haina kicheko, au kilichomo si kicheko cha kufurahia.

Bi Riziki alikuwa mjane, mtoto wake mmoja tu, kijana akiitwa Hamad. Kijana mtulivu, kibarua wa kuchuma karafuu msimu ukija, na msimu ukiisha hana neno ila njiwa zake. Alilijenga banda lake mwenyewe, juu ya nguzo nne, dhidi ya ukuta wa ua wao. Kazi nzuri, hata Mzee Faki aliizunguka akakosa la kusema, na kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa. Upande wa pili wa ukuta huo huo alikaa Mzee Shaame, mshona kofia, na mkewe na binti yao Mize. Nyumba hizo mbili zilikuwa zinapelekeana mchuzi. Binti alipelekwa kwa Bi Riziki na bakuli, akirudi bakuli halirudi tupu.

Mize akaposwa na mtu wa Wesha. Siku moja shangazi wa huyo mposaji akaja kumwangalia mchumba wa mtoto wao, akalala. Asubuhi alipotoka chooni, akainua macho, akamwona Hamad juu ya banda, na Mize yuko uani kichwa wazi, ungo mkononi. Yule mama alivaa buibui lake akaenda zake Wesha, na wiki haikuisha posa ikarudishwa. Maneno yaliyokuja nayo yalikuwa kwamba binti wa Shaame ana mtazamaji wake, basi na amtazame vizuri.

Mzee Shaame akaja kwa Bi Riziki na wazee wa mtaa. Mimi nilikuwepo, nilikuwa napita na kazi zangu nikashikwa mkono niwe shahidi. Hamad akaulizwa. Akasema, "Mimi nilipiga hodi. Kila siku napiga." Shangazi wa mposaji alikuwa chooni, hakusikia, na nani atamlaumu, kwani msala, hicho choo cha watu wa Shaame, ulikuwa mwisho kabisa wa ua. Mkewe Shaame alisema alikuwa jikoni, kwenye moshi na vilio vya watoto wa jirani, hakusikia. Mzee Shaame na Bi Riziki asubuhi ile hawakuwepo nyumbani. Basi Mzee Shaame akarudi kwake, akamwuliza binti yake uani, sote tunasikia ng'ambo ya ukuta: "Mize, ulisikia hodi?" Sauti ndogo ikajibu, "Sikusikia."

Ikawa imekwisha. Bi Riziki alikuwa mwanamke wa aibu nyingi. Aliyekuwa akimpelekea bakuli amevunjiwa posa ya binti yake, na aliyevunja ni mwanawe. Akamgeukia Hamad, mbele ya wazee, akamwambia maneno ambayo mama hapaswi kuyatoa ovyo hata akiwa amepigwa. Alimwambia, "Sina radhi nawe. Nlango wangu usiukanyage mpaka useme kweli." Hamad akasema, "Kweli ndiyo hiyo, mama." Na jioni ile akaondoka. Tulisikia yuko Unguja, kisha tukasikia amejiandikisha jeshini, maana vita vya pili vya Mjerumani vilikuwa vimeanza na vijana walikuwa wakichukuliwa. Alimwagiza mtu neno moja tu kwa mamake, kwamba awatunze njiwa wake.

Akawatunza. Hakupanda tena mtu kwenye lile banda. Alilisafisha kutoka chini kwa ufagio uliofungwa kwenye mti mrefu, mavi yakimwangukia kichwani, na mtama akauwania sokoni siku ambazo hata mchele ulikuwa wa kutafutana. Kisha siku moja akaitwa kwa mudiri, mtawala wa serikali pale mjini, akaambiwa mwanawe amekufa kwa homa huko ng'ambo na amezikwa huko huko. Watu wakaenda kumpa pole. Mzee Shaame hakwenda. Mkewe alikuwa ameshakufa wakati huo, kwa hiyo hakuna aliyekwenda kutoka nyumba ile, na ukuta mmoja ndio uliowatenga.

Mnaona sasa kwa nini siamini habari ya njiwa na ugomvi. Njiwa wa Hamad walikaa juu ya ugomvi ule miaka na miaka, wakizaana.

Ndipo ikaja amri mpya. Tulipata bwana mkubwa mwingine, aliyekuwa na hofu kubwa ya panya na tauni. Akaamuru kila kilichosimama juu ya ukuta mjini kiombewe ruhusa upya, na kisichokuwa na ruhusa mwezi ukiandama kivunjwe. Mzee Faki alikuwa ameshastaafu. Kazi ya kupita nyumba kwa nyumba ikawa yangu, na kazi ya kusimamia wavunjaji pia ikawa yangu. Mabanda mengi yalipita, maana watu walikuwa majirani wema. Mengine wenyewe waliyavunja, wakala njiwa. La Bi Riziki nilimpelekea habari mwenyewe.

Alinikaribisha kibarazani kwake, akanipa kahawa. Nilipomaliza kusoma amri akauliza, "Likivunjwa, njiwa wataenda wapi?"

"Wataruka ruka siku mbili tatu, Bi Riziki, kisha watatawanyika."

"Bwana Makame, ntoto wangu hana kaburi la mimi kulizuru. Shati lake nlilitoa sadaka. Hao njiwa ndio waliobaki walioshikwa na nkono wake na watoto wa hao walioshikwa." Akaniongezea kahawa. "Nifanyieni mnavyofanya watu wengine. Nitatia bati jipya. Nitafanya nnaloambiwa."

Bati lilikuwa zima. Nguzo zilikuwa nzima. Jirani wa kulia alitia kidole, jirani wa kushoto alitia, wa mbele alitia huku akilia. Kikabaki kidole cha Mzee Shaame. Nilimwendea bwana mkubwa nikamweleza, nikamwambia mama huyu amefiwa na mtoto vitani, kwenye vita vyenu nyinyi. Akasema anasikitika sana, na kanuni inataka majirani wote. Huyo alikuwa akisikitika kila siku. Hakuna kitu kilichowahi kubadilika kwa masikitiko yake.

Basi siku ya mwisho ya amri nikaenda kwa Mzee Shaame. Nilipiga hodi, nikaitikiwa, nikaingia mpaka uani. Alikuwa amekaa kwenye mkeka na kofia yake ya kushona, amezeeka, miwani imefungwa kwa uzi. Mize alikuwa mlangoni mwa jiko anasuka ukili wa mkeka. Hakuolewa tena yule. Nikaeleza haja yangu, na nilipotaja banda tu, mzee akainua sauti kwa makusudi, iende ng'ambo ya ukuta.

"Nwambie mavi ya njiwa wake yanaingia pipani mwangu!"

Kabla sijafungua kinywa, sauti ya Bi Riziki ikaja kutoka upande wa pili: "Nwambie pipa lake halina kifuniko tangu nkewe afe, asisingizie njiwa!"

"Nwambie mimi sizungumzi naye!"

"Nwambie na mimi sizungumzi naye!"

Nikasimama katikati ya ua, karatasi mkononi, naangalia ukuta. "Nimewaambia," nikasema.

Mngekuwepo mngecheka, na mimi karibu nicheke. Nikatoa futi, nikapima kutoka bandani hadi pipani mbele ya macho yake. Lilikuwa mbali inavyotakiwa, na zaidi. Nikamwonyesha. Akaitazama futi, akavua miwani, na ukali wote ukamtoka. Nilipendelea ukali.

"Kaa chini, Bwana Makame," akasema polepole. Nikakaa. "Wewe ntu nzima. Nikuulize kwa haki ya Mungu. Una binti mmoja. Kijana wa jirani, uliyemlisha mwenyewe, anapanda juu bila hodi, anamtazama binti yako kichwa wazi. Posa inavunjika. Binti anakaa ndani, anazeeka unamwona. Mamake anakufa na kihoro hicho. Kisha wanakuja watu wa serikali wanakwambia tia kidole, lile banda lisimame juu ya kichwa chako maisha. Utatia?"

"Pengine nisingetia, Mzee Shaame," nikamjibu, maana nilikuwa na mabinti.

"Basi." Akaelekeza kidole ukutani. "Na mwenyewe anajua. Umemsikia? Kwa pipa alikuwa na la kusema. Kwa hili kanyamaza. Anajua mwanawe hakupiga hodi."

Ni kweli, upande wa pili palikuwa kimya. Nikaanza kukunja karatasi. Kesho yake asubuhi ningekuja na watu na mashoka, na nilikuwa tayari nafikiri nimtume nani, mimi nijifanye naumwa.

"Alipiga hodi," akasema Mize.

Mzee akageuka. "Nani?"

"Hamad. Alipiga hodi, baba."

"Nlikuuliza siku ile, ukasema hukusikia."

"Nilisema rongo." Ukili ulikuwa bado mikononi mwake na vidole vilikuwa vinaendelea kusuka vyenyewe. "Nilisikia. Siku ile nilisikia, na kila siku nilikuwa nikisikia. Akiita, mama huingia ndani, mimi nabaki. Najifanya sijamaliza mchele. Na yeye akifika juu akinikuta, hugeuza uso, hushughulika na njiwa wake mpaka amalize. Hajanisemesha hata siku moja. Mimi ndiye niliyekuwa nikimtazama."

Sijui nilipata wapi nguvu ya kubaki nimekaa. Mambo hayo si ya kusikilizwa na mtu wa afya. Mzee Shaame akauliza, na sauti yake haikuwa ya hasira hata kidogo, "Kwa nini hukusema, mwanangu?"

"Ungenifanyaje, baba?"

Sote tulijua angemfanyaje. Miaka ile binti aliyesema neno kama hilo hakubaki na nyumba wala jina.

"Na leo kwa nini umesema?"

"Kwa sababu kesho watalivunja."

Akaweka ukili chini, akaingia jikoni, akafunga mlango. Mlango wenyewe ulikuwa wa makuti, lakini aliufunga. Mzee Shaame alikaa akiangalia ile kofia aliyokuwa akiishona, anaigeuza, anaigeuza. Kisha akanyoosha mkono. "Lete wino wako," akasema. Ikabidi nikishike kidole chake nikikandamize mwenyewe kwenye karatasi. Alama ikatoka pana, imechafuka. Ofisini waliikubali.

Wanangu, nimeshatoa ruhusa nyingi. Watu hufurahi. Huna siku unayopendwa ukiwa na kazi kama ile isipokuwa siku ya kupeleka ruhusa. Utapewa kahawa, utapewa halua, mtu atakuombea dua mpaka uone haya. Nilitoka kwa Mzee Shaame na ruhusa iliyokamilika, na sikutamani kufika kwa mwenye banda. Nyumba zile zilipakana kwa nyuma, milango yao ilielekea vichochoro tofauti. Nikazunguka mtaa mzima polepole. Nilikuwa najiambia pengine hakusikia. Pengine aliingia ndani, pengine upepo. Mtu aliyejibu habari ya kifuniko cha pipa kabla hata sijameza mate!

Nilimkuta amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, pale pale ukutani, mgongo umeegemea ukuta. Kanga ilikuwa imemwanguka mabegani na yeye hakuwa na habari. Nikaangalia pembeni nikakohoa. Hakuivuta. Ikabidi niseme huku nikiangalia nguzo za banda.

"Bi Riziki, banda lako halivunjwi. Wote wametia kidole."

"Alhamdulillahi," akasema, kama mtu anayeitikia salamu ya mpita njia.

Nikaiweka karatasi karibu naye, nikaikandamiza na jiwe isipeperuke. Nilitaka kuondoka. Desturi haikuniruhusu.

"Aliniapia," akasema. "Wewe hukuwepo hapo, ulikuwa umeshatoka. Alikwenda akatia udhu, akaja na Msahafu akaniapia. Nkamwambia asinchafulie Msahafu kwa kinywa cha rongo. Nkamfunga nlango, Bwana Makame. Nkasikia anasimama nje. Alisimama sana. Alikuwa anangoja nimwite."

"Hukujua, Bi Riziki."

"Nlimzaa mimi. Nani mwengine angejua?"

Njiwa walikuwa wameanza kujipanga ukingoni mwa paa, maana ilikuwa saa yao ya kula. Wakawa wananguruma vile wanavyonguruma. Watu wetu husema wanaleta tasbihi. Alikuwa hawaangalii.

Kisha akanitazama usoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nimjue. "Wewe unakaa na watu wa serikali, unakaa na mashehe, unasoma. Nambie. Radhi ya mama humfika ntoto akiwa keshazikwa?"

Miaka yangu yote ya kazi watu wameniuliza. Choo kiwe mbali vipi na kisima, nguzo iwe na kimo gani, pipa lifunikwe na nini. Nilikuwa na jibu la kila kitu, na pasipokuwa na jibu nilikuwa na kanuni. Pale nilisimama kwenye ua wa mtu na kaptula yangu ya kaki, mtu mzima, sina hata moja.

"Inafika, Bi Riziki," nikamwambia.

"Umeisoma wapi?"

"Sijaisoma popote."

Akatikisa kichwa polepole, sijui kwa kukubali au kwa kunihurumia. "Basi nimempa," akasema. "Nimempa, nimempa." Akanyanyuka kwa kushika ukuta, akateka mtama kwa kifuu, akafungua kinywa awaite njiwa. Sauti haikutoka. Njiwa wakashuka hata hivyo, kwa sababu walikuwa na njaa.